Bolti haiitwi kwa namba ya spana: uzi kuhusu kipenyo, hatua, urefu na daraja

Mwanzisha uzi:

Habari za wakati huu, ndugu wana jukwaa.

Ukisimama nusu saa mbele ya duka la bolti pale Gerezani, Dar es Salaam, utasikia wateja wakiagiza kwa namna moja: "Nipe bolti ya kumi na tatu, nne, na nati zake." Muuzaji naye haulizi la ziada, anachota kwenye kopo, anahesabu, anafunga. Namba hiyo ya kumi na tatu ni ya spana inayoshika kichwa cha bolti, wala haisemi chochote kuhusu uzi utakaoingia kwenye nati, na uzi ndio unaobeba mzigo.

Naandika kwa sababu bolti nyingi zilizonyofoka au kukatika ambazo nimeletewa gereji zilianza kuharibika siku ziliponunuliwa kwa namba ya spana. Bolti hutambulika kwa mambo manne: kipenyo cha sehemu yenye uzi, hatua ya uzi huo, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita pichi, urefu, na daraja la ugumu wa chuma chake. Ikiandikwa M8 x 1.25 x 40, daraja 8.8, basi imeshajieleza: kipenyo ni milimita 8, kutoka jino moja la uzi hadi jino linalofuata ni milimita 1.25, urefu ni milimita 40, na daraja nitalieleza hapo chini. (Mtaniwia radhi kwa neno "uzi" kufanya kazi mbili katika mada hii. Lugha yetu imependa hivyo.)

Tuanze na hiyo spana. Bolti ya M8 ya viwango vya Ulaya ina kichwa cha milimita 13, lakini M8 hiyo hiyo ikitoka kwenye gari la Kijapani mara nyingi huwa na kichwa cha 12. M10 ina mkorogo zaidi: kwa kiwango cha zamani cha Kijerumani, DIN, kichwa ni 17, kwa kiwango cha kimataifa, ISO, ni 16, kwenye magari ya Kijapani ni 14. M12 ni 19 kwa DIN, 18 kwa ISO na 17 kwa Wajapani. Kwa hiyo aliyeomba "bolti ya kumi na saba" anaweza kupewa M10 au M12, na muuzaji hatakuwa amemdanganya.

Balaa kubwa liko kwenye inchi. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, na kichwa chake cha nusu inchi ni milimita 12.7, hivyo spana ya 13 huishika huku ikicheza kidogo tu. Ukiilaza kando ya M8, jicho halitaona tofauti. Hata hivyo uzi mkubwa wa 5/16, yaani wenye meno yaliyoachana zaidi, una meno 18 kwa kila inchi, yaani hatua ya milimita 1.41, ilhali M8 ya kawaida ni 1.25. Nati ya moja ikiwekwa kwenye nyingine huingia mizunguko miwili hivi, kisha inakataa. Fundi mwenye subira atairudisha nyuma. Mwenye haraka atachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, na hapo bolti na nati vyote vinakwenda kwenye chuma chakavu. Hiyo bado ni afadhali, kwa kuwa imekataa mbele ya macho yako. Ya kuogopa ni ile inayokubali.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye mashine ya kusaga mahindi katika kijiji kimoja nje ya mji wa Morogoro. Mota ilikuwa imeng'oka upande mmoja wa kitako chake, mkanda umeruka, na ni Mungu tu aliyetaka pasiwe na mtu upande ule. Bolti nne za kitako zilikuwa M10 zenye vichwa vya 14. Moja ilikuwa imepotea, na mwenye mashine alinunua nyingine "ya kumi na nne", akaifunga kwa nati ile ile ya zamani. Alichouziwa kilikuwa bolti ya inchi 3/8, ambayo kichwa chake ni milimita 14.3, kwa hiyo spana ya 14 iliingia kwa kubana na hakuna aliyeshtuka. Kipenyo cha bolti hiyo ni milimita 9.53, pungufu ya 10, na hatua yake ya 1.59 iko karibu sana na 1.5 ya M10, hivyo nati haikukwama popote. Ilizunguka laini kwa vidole, naye akaona kwamba hiyo ndiyo iliyofaa kuliko zote nne. Kumbe meno yalikuwa yameshikana kwa ncha tu. Nilipoiokota ile nati sakafuni na kuimulika kwa tochi, uzi wake ulikuwa umevuliwa, umebaki kama maganda ya penseli yaliyochongwa, na tundu limekuwa laini kama la bomba. Tangu siku hiyo huwa nawaambia vijana wangu kwamba nati ikishaingia mizunguko mitano na bado unaweza kuitikisa kushoto na kulia, itoe, usiikaze.

Pengine mtu atauliza kwa nini tunaishi na mifumo hii yote kwa pamoja. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza uzi wa aina moja kwa viwanda vyote vya nchi yake, ukiwa na pembe ya digrii 55 kati ya jino na jino. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akaleta wa kwake wa digrii 60, ambao ulikuwa rahisi zaidi kuutengeneza. Vita Kuu ya Pili ilipowalazimisha washirika kutengenezeana mitambo, vipuri vya upande mmoja havikuingia kwenye mashine za upande wa pili, na mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana kutumia uzi mmoja wa inchi wenye digrii 60, yaani UNC ambao ni uzi mkubwa na UNF ambao ni uzi mdogo. Uzi wa milimita nao una digrii 60. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilipopanga kamati zake za kitaalamu, iliyopewa namba 1 ni ile ya nyuzi za bolti. Kwetu sisi tabaka zote hizo zipo uani kwa pamoja: Land Rover za kale na matrekta ya Massey Ferguson 135 yana inchi, mitambo mingi ya zamani ya Caterpillar ina inchi, magari ya Kijapani na pikipiki za Kichina na Kihindi ni milimita. Jambo la kuchekesha ni kwamba spana za Whitworth ziliandikwa kipenyo cha bolti badala ya upana wa kichwa. Aliyekuwa akitaja bolti kwa namba ya spana enzi hizo alikuwa sahihi, na huenda tabia yetu ilianzia huko.

Kupima si kazi ngumu. Kipenyo chukua kwa venia, kile kipimio chenye taya mbili, kwenye ncha za meno. M10 husoma pungufu kidogo, 9.8 au 9.9, usidhani imelika. Kwa hatua, kama huna geji ya uzi, weka rula kwenye ncha ya jino moja, hesabu nafasi kumi, soma umbali, kisha gawanya kwa kumi. Ukipata milimita 15 hatua ni 1.5, ukipata 12.5 ni 1.25. Kwa bolti ya inchi hesabu meno yaliyomo ndani ya milimita 25.4. Njia ya mkato, na ndiyo ninayoitumia kila siku, ni kuchukua bolti unayoijua na kulaza meno yake ndani ya meno ya ile usiyoijua, kisha kuziinua pamoja zielekee kwenye mwanga. Zikilingana, meno hukumbatiana na mwanga haupiti. Zisipolingana utaona nyufa za mwanga zinazoanza nyembamba na kupanuka kadiri unavyoelekea mwisho. Urefu hupimwa kuanzia chini ya kichwa, isipokuwa kwa bolti zenye kichwa cha kuzama, ambazo kichwa nacho huhesabiwa.

Sasa daraja. Bolti ya chuma ya milimita kuanzia M5 yenye kichwa cha pembe sita, ikiwa ni ya 8.8 na kuendelea, inatakiwa iwe imegongwa namba hiyo kichwani pamoja na alama ya mtengenezaji. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya chuma kabla ya kukatika, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Namba ya pili inaeleza ni sehemu ngapi kati ya kumi za nguvu hiyo ambazo bolti hustahimili kabla ya kunyooka moja kwa moja bila kurudi. Hivyo 8.8 hukatika kwenye 800 na huanza kunyooka kwenye 640, 10.9 ni 1000 na 900; 12.9 ni 1200 na 1080. Tuitazame M10: eneo lake la kubeba mzigo ni milimita za mraba 58. Ya daraja 4.6, ambayo ndiyo bolti laini ya bei nafuu, itakatika kwa mvuto wa tani 2.4 hivi, ya 8.8, yenye umbo lile lile na rangi ile ile, itafika tani 4.7. Bolti za inchi hazina namba, zina mistari: isiyo na mstari ni laini, yenye mistari mitatu ni daraja 5, na yenye sita ni daraja 8. Kichwa cha bolti ya milimita kikiwa kitupu kabisa, mimi huihesabu kuwa laini, hata muuzaji aape kwamba ni haitensaili, yaani ya chuma kigumu.

Nati nazo zina daraja: nati ya 8 kwa bolti ya 8.8, ya 10 kwa 10.9. Bolti ngumu iliyofungiwa nati laini haina faida, kwa sababu uzi wa nati utavuliwa kabla bolti haijasikia mzigo.

Mwenye bolti mkononi na aje na vipimo, tujadili.

Mchangiaji kutoka Dodoma:

Ahsante sana, mkuu. Mimi yamenikuta wiki hii. Bolti moja inayoshika altaneta ya gari langu la Kijapani ilidondoka barabarani. Nilichukua ya upande wa pili kama mfano, dukani wakaitazama wakasema ni ya spana 14, wakanipa mpya yenye kichwa sawa na urefu sawa. Imeingia mizunguko miwili na nusu, ikagoma. Kijana wa gereji anataka kuisukuma kwa mashine ya upepo. Nimkubalie?

Mwanzisha uzi:

Usimkubalie, ndugu yangu. Tundu la upande wa pili huenda ni la aluminiamu, na uzi wa aluminiamu ukifa utalazimika kuchonga upya. Chukua ile bolti yako ya mfano, pima nafasi kumi za meno kwa rula, halafu rudi hapa na jibu.

Mchangiaji kutoka Nairobi:

Mada nzuri. Naomba ueleze kuhusu nati za magurudumu, maana kwetu kwenye matatu tunabadilishana nati kati ya Nissan na Toyota Hiace, na spana ya gurudumu ni ile ile ya 21. Nyingine zinaingia vigumu.

Mwanzisha uzi:

Zinaingia vigumu kwa sababu hazitakiwi kuingia. Studi za magurudumu, yaani zile bolti zinazochomoza ambazo nati hufungwa juu yake, za Toyota nyingi ni M12 x 1.5, na za Nissan ni M12 x 1.25. Kipenyo ni kimoja, spana ni moja, hatua mbili. Honda na Mitsubishi ndogo ziko upande wa 1.5, Subaru na Suzuki upande wa 1.25. Nati ya Toyota kwenye studi ya Nissan hushika mizunguko michache, kisha fundi wa matairi anaibandika mashine ya upepo, inalia, inaingia, naye anadhani amefaulu. Alichofanya ni kuchonga uzi mpya juu ya uzi wa zamani, na siku ya kufungua tena, studi itatoka pamoja na nati.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa spana wala kwa hatua, nalo ni kalio la nati, pale inapogusana na rimu. Nati nyingi zina koni ya digrii 60. Honda kutoka kiwandani hutumia kalio la mviringo kama mpira. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota za zamani hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Watu wananunua rimu za mtumba na kuzifunga kwa nati zilizokuja na gari: koni kwenye kalio la mpira hugusa mstari mwembamba tu badala ya uso mzima, na baada ya kilomita chache nati inalegea yenyewe. Ukibadilisha rimu, geuza nati uitazame kalio, kisha tazama tundu la rimu. Vifanane.

Na ikiwa una lori la zamani la Kijapani, upande wa kushoto mara nyingi nyuzi ni za kushoto, studi zikiwa zimegongwa herufi L kwenye ncha. Hufunguka kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda. Nimeona studi tatu zikikatwa kwa siku moja na kijana aliyekuwa akizidi kukaza huku akiamini anafungua. Pedeli ya kushoto ya baiskeli iko hivyo hivyo, na nati za mtungi wa gesi ya asetilini pia, ambazo kwa kawaida hutiwa mikato kwenye pembe zake ili zitambulike.

Mchangiaji kutoka Tanga:

Mimi ni fundi tangu mwaka 1979, na nimesoma maelezo yako yote. Mengi ni sahihi. Ila sijaona ukitaja washa ya springi, ambayo sisi tulifundishwa kwamba ndiyo inayozuia nati kulegea. Na hizi spana za toki, zile za kupima nguvu ya kukaza, mnazozisema vijana siku hizi, mkono wa fundi aliyekomaa unajua lini imetosha.

Mwanzisha uzi:

Shikamoo, mzee wangu. Nashukuru kwa kupita hapa, na kwa heshima zote naomba tutofautiane kwenye hilo la washa.

Tunapokaza bolti tunainyoosha, kwa kiasi kidogo sana kisichoonekana, nayo inataka kurudi kama mpira uliovutwa. Kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vipande viwili pamoja, na msuguano kati ya vipande hivyo ndio unaozuia visiteleze. Bolti iliyokazwa vizuri haiguswi sana na mtikisiko. Inayolegea ni ile ambayo vipande vyake vimeanza kuteleza kimojawapo juu ya kingine, japo kwa sehemu ya milimita. Mjerumani Gerhard Junker alilionyesha hilo mwaka 1969 kwa mashine iliyokuwa ikitikisa kiungo kwa ubavu, na kipimo chake kinatumika mpaka leo. Washa ya springi hulala bapa kabisa kabla bolti ngumu haijafika nusu ya mkazo wake. Ikishalala haina uchipuko wowote uliobaki, imekuwa washa ya kawaida iliyokatwa. Sisemi ing'olewe mahali ambapo mtengenezaji ameiweka. Nasema tusiitegemee kufidia mkazo mdogo.

Kwenye mtikisiko mimi hutumia nati ya nailoni, ingawa siiweki karibu na ekzosi, kwa kuwa nailoni haistahimili zaidi ya nyuzi joto 120 hivi. Mahali pa hatari, kama mpira wa sterini, ni nati ya taji na kotapini, yaani kipini kinachopitishwa kwenye nati na bolti ili nati isizunguke, na kotapini haitumiki mara ya pili. Kuna pia mtindo wa nati mbili zinazobanana, ambao wengi wetu tunaufunga kinyume: nati nyembamba ndiyo inayotangulia chini, nene inakuja juu yake, kwa sababu ya juu ndiyo inayobaki na mzigo.

Kuhusu mkono wa fundi, mzee wangu, mkono wako wa miaka yote hiyo siwezi kuutilia shaka. Shida ni kwamba mkono husikia ugumu wa kuzungusha, nao hautokani na mvuto wa bolti peke yake. Katika kila nguvu kumi tunazotia kwenye spana, karibu tisa huliwa na msuguano chini ya kichwa na kwenye meno, na moja tu ndiyo inayonyoosha bolti. Ukipaka oili kwenye bolti ambayo kitabu kimetoa kipimo chake ikiwa kavu, msuguano unashuka na bolti inavutwa kupita kiasi huku mkono ukisikia hali ile ile. M8 ya 8.8 inahitaji nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 25 hivi, M10 karibu 50, M6 ni 10 tu. Kwa spana yenye mpini wa sentimita 20, hizo 10 za M6 ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo tano mwishoni mwa mpini. Mkono uliotoka kufungua magurudumu ya lori hauwezi kuwa mwepesi kiasi hicho, ndiyo maana M6 hutukatikia.

Mchangiaji kutoka Tanga:

Marahaba. La nati nyembamba kukaa chini nimelikubali. La washa nitalifikiria.

Mchangiaji kutoka Unguja:

Naomba kuuliza kuhusu bolti zisizoshika kutu. Nina mashua ya kupelekea wageni kisiwani, na nilinunua bolti za stenlesi ili nimalize kabisa mambo ya kutu, lakini zimetoa madoa ya kahawia. Mbili nati zake ziligoma katikati, hazirudi wala haziendi.

Mwanzisha uzi:

Tazama kichwani, dada au kaka yangu. Zikiwa zimeandikwa A2 ni stenlesi ya kawaida, inayofaa jikoni na mjini. Kwa maji ya chumvi unahitaji A4, ambayo imetiwa molibdeni. Namba inayofuata, 70 au 80, ukiizidisha kwa 10 unapata nguvu ya kukatika, kwa hiyo A4-70 ni 700, chini ya ile 8.8 nyeusi. Wengi hudhani stenlesi ni ngumu zaidi kwa kuwa ni ghali zaidi.

Kugoma katikati ni tabia yake inayojulikana. Meno ya stenlesi yakisuguana kwa nguvu, ngozi yake ya juu inachanika na chuma kinashikana na chuma kama kimechomelewa. Paka grisi ya kuzuia kushikana kabla ya kufunga, zungusha polepole kwa mkono, usitumie mashine. Hizo mbili zilizogoma zikate kwa msumeno, usipoteze siku nzima.

Mchangiaji kutoka Mwanza:

Mimi ni fundi bomba. Nilinunua tapu ya nusu inchi nikate uzi kwenye chuma ili nifunge koki ya nusu inchi, na koki haikukaribia hata kuingia. Je, nusu inchi za bomba ni tofauti?

Mwanzisha uzi:

Ni tofauti kabisa. Nusu inchi ya bomba ni jina lililotokana na tundu la ndani la mabomba ya zamani. Uzi wake, BSP, kwa nje ni karibu milimita 21, una meno 14 kwa inchi, na pembe yake ni zile digrii 55 za Whitworth. Bolti ya nusu inchi ni milimita 12.7. Tapu uliyonunua ni ya bolti. Omba ya BSP kwa jina hilo.

Mchangiaji kutoka Dodoma:

Nimerudi na majibu. Ile bolti ya mfano, nafasi kumi zimesoma milimita 12 na nusu. Kipenyo, kwa venia ya jirani, ni 9.85. Kichwani imegongwa 8. Ile mpya niliyopewa, nafasi kumi zimesoma 15 kamili.

Mwanzisha uzi:

Basi ya gari lako ni M10 x 1.25, uzi mdogo, na uliyopewa ni M10 x 1.5, uzi mkubwa. Kichwa cha 14 kimewadanganya wote wawili, wewe na muuzaji. Magari ya Kijapani yana 1.25 nyingi sana kwenye M10, na maduka ya bolti za ujenzi huwa na 1.5 tu, hivyo nenda duka la vipuri vya magari au kwa wanaouza injini za mtumba. Omba "M10, hatua 1.25, urefu kadhaa, yenye alama ya 8 kichwani", na uende na ile ya mfano mfukoni. Kabla ya kufunga, puliza vumbi tundu la altaneta, na kama mizunguko miwili ya kwanza imeumia, pitisha tapu ya M10 x 1.25 kwa mkono, nusu mzunguko mbele, robo nyuma.

Mchangiaji kutoka Dodoma:

Nimeipata kwa mtu anayeuza injini za mtumba, ilikuwa kwenye kopo la bolti mchanganyiko. Tuliilaza kando ya yangu, tukaielekeza kwenye jua, mwanga haukupita. Mizunguko ya kwanza tulipitisha tapu kama ulivyosema, zikatoka chembe ndogo za aluminiamu. Bolti imeingia kwa vidole mpaka kichwa kikagusa, ndipo nikachukua spana.

Ya kumi na nne.